Vyeti Kumi na Vitano

Majina yale niliyaandika mimi,
kwa kalamu ya mwanzi niliyoichonga mwenyewe,
hapa Ngamiani, Barabara ya Kumi na Saba,
baina ya kibao cha kinyozi
na kibao cha "Mbwa Mkali" cha mtu asiye na mbwa.

Vipengele vitano, wateule wanne wanne.
"Nitajie walioshinda," nilimwomba katibu wa tuzo.
Akaziba mdomo kwa kiganja. Siri ya majaji.
"Andika wote. Kila mmoja mwandike Mshindi.
Usiku wenyewe tutachomoa watano,
waliobaki utawatia moto."

Nikaandika ishirini.
Mwantumu Kivo, Mwigizaji Bora wa Kike, Mshindi.
Wino wake haujakauka,
Tabia Shemhilu, Mwigizaji Bora wa Kike, Mshindi.
Siku tatu nzima
hakuna aliyeshindwa Tanga.

Zulia jekundu lilikuwa turubai la lori la mkonge,
tumelipaka rangi jana yake tu.
Kila aliyepita akaingia ukumbini na nyayo nyekundu.
Mwantumu alishinda, lakini alikuwa Muheza anauguza;
tuzo akapokea mdogo wake,
akashukuru kamati, akashukuru mwenye jenereta,
akamsahau dada.

Kisha kipengele cha sauti. Umeme ukakatika.
Katika filamu ya *Mkonge Hauozi* kuna mvua
iliyotufanya tujikunyate viti vya nyuma.
Mvua ile ilikuwa mchele, kilo mbili,
Singano Mbelwa akiumimina juu ya bati polepole, usiku,
majirani wamelala.
Kesho yake mama yake aliupika.

Jina likatajwa gizani, bila kipaza sauti.
Singano akasikia "Si", akasimama.
Lilikuwa Sijaona Hizza.
Jenereta likakohoa, taa zikawaka,
na yeye yuko wima peke yake, koti la kuazima, kifungo kimoja.
Akafanya nini? Akapiga makofi.
Akapiga kwa nguvu, kana kwamba alisimama kwa hilo tu,
na ukumbi mzima ukasimama kumfuata.
Sijaona alilia. Alidhani ni yake yote ile.

Asiyekubali kushindwa si mshindani,
walituambia mlangoni
wale waliokwisha kukubaliwa kushinda.
Asubuhi nyayo nyekundu zilitapakaa mji,
nyingine Makorora, nyingine stesheni, nyingine zikaishia kwa muuza supu.
Nilizifuata kidogo, mkono nyuma.
Huwezi kusema ipi ya nani.

Vyeti kumi na vitano sikuvichoma.
Nilikuwa na kiberiti, nilikuwa na mafuta ya taa.
Lakini jina la mtu ukishalinyoosha herufi kwa herufi,
ukalikunjia mkia wa "y" kama mkia wa paka,
unalichomaje?
Vikakaa sandukuni, chini ya kitanda, na nondo wake.

Mwaka wa kumi na moja akaja mtu na baiskeli,
anataka kibao: *Fundi Simu na Redio*.
Nikamuuliza jina la kuweka chini.
Alipolitaja niliweka brashi.
Nikaingia ndani, nikachakura, nikatoka na karatasi,
pembe imeliwa.

Akaisoma mara mbili. Kidole kikapita juu ya neno lile
kama anatafuta lilipobandikwa.
"Hii uliandika lini?"
"Kabla hujashindwa."

Akacheka, kicheko cha puani, kifupi.
Akaikunja, akaikunjua, akanirudishia.
"Niwekee wewe. Kwangu panavuja."

Kisha akauliza herufi ni shilingi ngapi,
na kama nafasi kati ya maneno nazo zinalipiwa.